Samaki Waliokimbiwa na Nzi

Saa moja asubuhi, nzi wametanda juu ya chanja ya kuanikia dagaa, na mwanamke mwenye chanja hiyo anatabasamu.

Hawafukuzi. Anainama, anaingiza mkono chini ya neti, anageuza dagaa safu kwa safu ili matumbo yaangalie jua, kisha anaibana neti kwa vibanio vya nguo pande zote nne. Nzi wanatembea juu ya neti wakitafuta tundu. Hakuna tundu. La mwisho alilishona jana jioni, akalikagua mara mbili.

"Wanapiga hodi," anasema. "Wapige tu. Siku wakinyamaza ndiyo nitaogopa."

Jirani anayepita na ndoo ya maji anasimama kumtania. "Bila Nzi! Leo una wageni wengi!"

"Wageni wangu hawa, shoga. Na wewe wako wapi?"

Jirani anacheka, lakini anaondoka haraka kidogo. Bado kuna watu hapa wasiojua wacheke hadi wapi.

Bila Nzi ni jina alilopewa na soko. Ana umri wa miaka thelathini na tisa, ni mama wa watoto watatu na mke wa mvuvi, na kwa muda mrefu jina hilo lilikuwa tangazo lake pekee. Wauzaji wenzake walikuwa wanapunga vipande vya maboksi kutwa nzima hadi mabega yakafa ganzi. Yeye alikaa mikono mapajani. Lundo lake la dagaa liling'aa kama fedha, na hakuna nzi aliyethubutu kulisogelea. Wageni walioshuka kwenye mabasi walikuwa wakiuliza, "Yule asiye na nzi anakaa wapi?"

"Nilikuwa na maringo jamani," anasema. "Nilikuwa nawaambia wenzangu, nyie hamuoshi vizuri. Nilikuwa nawafundisha kuosha! Mimi!"

Anacheka, na kicheko kinakatika katikati.

Mafunzo yalipofika katika kijiji hiki cha wavuvi, yalianza kwa jambo ambalo kila nyumba ililijua kwa uchungu wake. Boti ikirudi, barafu haitoshi, na mnunuzi wa samaki wabichi hana haraka. "Jua likipanda, anakaa kimya tu anakutazama," anaeleza mume wa Bila Nzi, mtu wa maneno machache. "Anajua utampa." Mpango ulikuwa kuzifundisha familia kutengeneza bidhaa zisizoogopa jua: soseji za samaki, minofu ya kukaangwa iliyokwisha kuungwa, na unga wa dagaa wa kuchanganywa kwenye chakula cha watoto wanaoanza kula.

Huo unga ndio uliowatoa watu udenda. Kliniki ya watoto ilikuwa inatafuta familia moja ya kuuleta kila mwezi, mwaka mzima. Kila mtu alijua ni familia ipi. Hata waliotamani kazi hiyo walikuwa wamekwisha kuinua mikono.

Darasa lilikuwa katika jengo la zamani la kuhifadhia barafu, lenye kuta nene, bomba moja na meza ndefu ya saruji. Mwalimu alikuwa msichana mwembamba aliyevaa buti za mpira zilizomzidi ukubwa, zikipiga kelele kila alipotembea. Siku ya tatu aliwaambia kila mmoja alete kutoka nyumbani sahani ya samaki aliowakausha mwenyewe. Sahani zikapangwa mezani, dirisha likafunguliwa.

Nzi wakaja. Wanawake wakaanza kupunga kwa aibu, kila mmoja akitetea sahani yake.

"Msipunge," mwalimu alisema. "Waacheni wakae."

Walikaa kila mahali. Sahani zote zilikuwa nyeusi, isipokuwa moja. Makofi yalilipuka. "Basi tumeshindwa," mama mmoja alipaza sauti. "Mpeni kazi yake twende nyumbani!" Bila Nzi alikuwa amekwisha kusimama, kidevu juu, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa madaha, akingoja kusifiwa.

Mwalimu hakupiga makofi. Aliinama akainusa ile sahani, akanyanyuka.

"Samaki hawa umewafanya nini?"

"Nimewaosha."

"Na nini tena?"

"Maji ya chumvi."

"Na nini tena?"

"Mwalimu, na mikono yangu. Unataka na miguu?"

Darasa liliangua kicheko. Mwalimu alingoja kiishe. "Nzi anapenda samaki," alisema taratibu. "Ni chakula chake. Akimwona samaki akamkimbia, lazima tumuulize kwa nini."

"Muulize basi! Lugha yake unaijua?"

"Naijua kidogo," mwalimu alisema.

Alitoa chupa mbili za kioo zenye midomo mipana. Katika moja aliweka dagaa wa Bila Nzi. Katika nyingine aliweka dagaa wa yule mama aliyepaza sauti. Akanasa nzi kwa kitambaa cha neti, akagawa nusu huku nusu kule, akafunga. Kisha akawageuza watu wote kwenye mashine ya kusagia, wakaendelea na soseji.

Utani ulikuwa mwingi, soseji zao za kwanza zilitoka zimepinda kama vidole vya mzee. Mmoja alisema yake imepata ujauzito. Mikono ilikuwa imelowa samaki aliyesagwa hadi viwikoni pale mtu mmoja alipopiga ukelele.

Katika chupa ya yule mama, nzi walikuwa wanatembea juu ya dagaa, wakisugua mikono kama watu waliotoka kula. Katika chupa ya Bila Nzi, walikuwa chali. Wawili walikuwa bado wanazunguka chini kama walevi, mgongo sakafuni, miguu hewani. Kisha hao nao wakatulia.

"Soseji tuliziacha hapo hapo," anakumbuka. "Mashine ilikuwa inanguruma yenyewe, kila mtu amesahau kuizima. Na mimi nawaza jambo moja tu. Mwanangu mdogo. Jana mchana amekula sahani nzima, akaniomba nyingine, nikampa."

Aliapa mbele ya wote kwamba hajaweka kitu. Aliapa kwa baba yake, aliapa kwa watoto wake. Yule mama aliyepaza sauti wakati wa makofi alimtazama, kisha akajifuta mikono kwenye gauni, taratibu, kana kwamba alikuwa amemshika.

Njia ya kurudi nyumbani haikumbuki. Anachokumbuka ni mlango, na mama mkwe wake ameketi kizingitini na sinia la mchele mapajani, akichambua.

"Mama," alimwambia, "samaki wangu wamewekwa dawa."

"Eeh," mama mkwe akajibu, bila kuinua macho.

"Mama. Wamewekwa dawa ya kuua."

"Si ya kuua, mwanangu. Ya kufukuza."

Inabidi uwe umeishi na mtu nyumba moja miaka kumi na saba, mmegawana jiko, homa na misiba, ndipo ujue sauti kama ile ilivyomwingia. Bibi hakushtuka. Hakujificha. Aliweka sinia chini, akaingia chumbani, akatoka na kitu alichokizungushia kitambaa safi, kama mtu anayeonyesha zawadi. Ilikuwa chupa ya dawa ya wadudu wa shambani.

Ilikuja kujulikana hapo kizingitini, neno kwa neno. Mwaka ambao mtoto wa mwisho alizaliwa, mvua ilinyesha wiki nzima bila kupumua. Samaki wote wa nyumba ile walioza na kujaa funza. Bila Nzi, aliyetoka kujifungua, alikaa juu ya magunia na kichanga mikononi akalia mpaka maziwa yakakatika. Mama mkwe hakuvumilia. Alikwenda duka la dawa za kilimo akaeleza shida yake, akauziwa chupa. Toka siku hiyo, kila mkwe wake alipokwenda ufukweni kupokea boti, yeye alikuwa anachanganya kifuniko kimoja kwenye ndoo na kunyunyizia chanja kwa mkono, kama mtu anayemwagilia maua.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ungejivunia nini? Niliona unavyotembea sokoni. Nikasema, acha ajue ni kazi ya mikono yake."

"Hukuona ni sumu?"

Bibi aliigeuza chupa, akamwonyesha kibandiko. Herufi zilikuwa ndogo, za kigeni, zimefifia. Katikati palikuwa na picha kubwa ya kabichi, nzuri, ya kijani.

"Kabichi si chakula?" aliuliza. "Kama inawekwa kwenye kabichi na watu wanakula, kwenye samaki ina kosa gani?"

Miaka sita samaki wa nyumba hiyo wamenyunyiziwa dawa kwa sababu ya picha ya kabichi na machozi ya mzazi mmoja. Soko zima, likiwa na macho yake timamu, lilipanga foleni kwenye lile lundo hasa kwa sababu nzi walikuwa wamelikataa!

Kisha bibi akanyoosha mikono yake. "Kumbe ndiyo maana," alisema. Vidole vyake vilikuwa vinawaka na kufa ganzi mwaka wa pili sasa. Alidhani ni uzee, hakutaka kusumbua watu.

Mume aliporudi na kusikia, alitundika wavu wake ukutani. Kisha akasema neno ambalo mkewe hakulitegemea.

"Mwaga waliobaki. Anza upya na hizo neti za darasani. Lakini usiseme sokoni."

"Nisiseme?"

"Nani amekufa? Miaka yote hiyo, umesikia mtu amekufa?"

"Baba watoto, unangoja nani afe?"

Mume alikuwa na haki ya kuogopa. Faida ya gunia moja la dagaa ndiyo iliyolipa ada ya binti yao mkubwa kwa muhula mzima, na nyumba hiyo ilikuwa inauza magunia manne kwa mwezi. Kusema kulikuwa kujinyonga kibiashara. Kunyamaza pia kulikuwa na bei yake, na hiyo ingelipwa na matumbo ya watu wasiojua.

Kwanza Bila Nzi aliwapeleka mtoto mdogo na bibi hospitali. Daktari alimkuta mtoto salama kwa sasa, akaagiza aletwe tena. Kuhusu vidole vya bibi hakutaka kuapa kwamba ni dawa, wala hakutaka kuapa kwamba siyo. Alisema asiiguse tena kabisa.

Siku ya soko, Bila Nzi alifika mapema akasimama mahali pake bila mzigo. Watu walipoanza kukusanyika kama kawaida, aliwaambia. Dagaa wote waliotoka kwake, waliopikwa na wasiopikwa, wasiliwe. Walikuwa na dawa. Atakayewarudisha atarudishiwa alicholipa kidogo kidogo mpaka kiishe.

"Nilikuwa nimejiandaa kupigwa," anasema. "Sikujiandaa kwa yale niliyoyasikia."

Mteja mmoja wa siku nyingi alimwambia aache mambo yake, yeye anakula mwaka wa sita hajaumwa hata kichwa, kwa hiyo ampimie kama kawaida, tena apunguze bei. Mwingine akamwita pembeni. Alikuwa mchuuzi mwenye kofia ya majani, mpole, mwenye sauti ya chini. "Dada, usiwamwage," alimnong'oneza. "Niletee mimi kwa nusu. Wateja wangu wako mbali, hawana habari."

Hawana habari! Mtu alisema maneno hayo mchana kweupe, akiwa na meno yote kinywani, kisha akangoja ajibiwe.

Mpishi wa shule ya bweni hakunong'ona. Ni mwanamke mkubwa mwenye mikono ya kuinua masufuria, na alikuwa mteja wake wa kwanza kila mwezi. Alirudi baada ya saa moja na gunia begani, akalifungua, akalimwaga lote miguuni pa Bila Nzi.

"Watoto mia nne!" alisema. Alikuwa analia kwa hasira. "Mia nne, wewe mwanamke! Na mimi ndiye ninayewapakulia, kwa mkono huu! Wanasema asante mama! Wananiita mama!"

Bila Nzi alipiga magoti akaanza kuwaokota dagaa, mmoja mmoja, kwa sababu watu walikuwa wanapita na mbwa walikuwa wanakuja.

Mwalimu alimfundisha kuwafukia katika shimo refu mbali na kisima na mbali na maji. Alipoanza kuchimba, mumewe alikuja na sepetu. Hakuomba radhi. Alichimba mpaka kichwa chake kikazama.

Chupa mbili za dawa zilizobaki chumbani kwa bibi alizirudisha dukani alikonunua mama mkwe. Alikwenda na maneno mengi mdomoni. Muuza dawa, kijana mwenye kalamu sikioni, alimsikiliza mpaka mwisho akiegemea kaunta. Nyuma yake rafu ilikuwa imejaa kabichi za kijani, chupa kwa chupa, hadi darini.

"Wateja wako uliwauliza wanazipeleka wapi?" Bila Nzi alimwuliza. "Uliwaambia ni za mashamba?"

"Mama," kijana akajibu, bila ubaya wowote, "katika mchanga huu nani ana shamba? Ulidhani zote hizi nawauzia nani?"

Akamwelekeza kwa kidevu upande wa mbali wa ufukwe, kwenye chanja kubwa za matajiri, zile zinazojaza malori.

Bila Nzi alitoka nje akashika ukuta. "Mpaka hapo nilidhani ni sisi tu," anasema. "Nilidhani ni aibu ya nyumba yangu. Nikageuka nikatazama yale malori yanapakia. Safi kabisa. Hakuna hata nzi mmoja."

Yeye na mwalimu wamepeleka habari hizo kwa maofisa wa afya. Wameambiwa zinafanyiwa kazi. Malori bado yanapakia.

Miezi miwili hakuuza kitu. Familia ilikula kwa samaki wabichi wa mume, kwa bei ya yule mnunuzi asiye na haraka, na binti mkubwa alirudishwa nyumbani kwa ada. Darasani aliendelea kwenda, akikaa nyuma karibu na bomba. Siku nyingine wenzake walimsogelea, siku nyingine walisahau. Yule mama wa makofi ndiye aliyekuwa wa kwanza kumshika tena mkono, kisha akamwambia, "Lakini maringo yako, shoga, hayo nayo yalikuwa sumu."

Alijifunza kila kitu kilichofundishwa: chanja inayofika kiunoni, maji ya chumvi yanayopimwa kwa yai linaloelea, neti isiyogusa samaki. Soseji zake sasa zinatoka zimenyooka, na vibanda viwili vya chakula vinazichukua. Kliniki haijatoa kazi ya unga kwa mtu yeyote. Inapima dagaa wa kila aliyeomba, mara tatu. Sampuli zake mbili zimetoka safi. Anangoja ya tatu.

Asiyetoka nje ni mama mkwe. Tangu siku ile sokoni hajavuka kizingiti mchana. Habari yake na kabichi yake ilikuwa imeenea, watoto wa mtaa wakamtungia jina, na akalisikia. Bila Nzi anamwekea chakula, anamkanda vidole kwa maji ya vuguvugu, anamsimulia ya darasani. Bibi anaitikia tu.

Asubuhi hii, jua limeanza kuuma, mtu anatokea kwenye kona ya uzio. Ni mpishi wa shule. Hajamsemesha Bila Nzi tangu alipommwagia gunia.

Hasalimii. Anazunguka chanja, anainama chini yake, anavuta neti kwa vidole, anachungulia kwenye ndoo na kunusa. Kisha anakaa juu ya beseni lililopinduliwa, na beseni linalalamika.

"Mimi leo siendi popote," anasema. "Nakaa hapa mpaka wakauke. Nitaangalia kila anayewasogelea."

"Itachukua hadi kesho, mama," Bila Nzi anamwambia.

"Basi nitakuja na kesho."

Bila Nzi anamletea kigoda na kikombe cha chai. Mpishi anakunywa nusu, kisha anauliza swali ambalo wote wawili walikuwa wanalizunguka.

"Na huyo bibi yuko wapi?"

Kabla hajajibiwa, mlango unasogea. Bibi amesimama kizingitini, amejishika kwenye fremu, macho yanaumizwa na mwanga.

"Ni mimi," anasema. "Mwanangu hakujua. Kama ni kutukana, nitukane mimi."

Mpishi anaweka kikombe chini. "Sikuja kutukana, nilishatukana. Mama, tuko wapishi wa shule kumi na nne. Wote tunanunua kwa macho, tunatafuta lundo lisilo na nzi. Tunakutana Jumamosi. Nimewaeleza, wakaniambia natunga. Nataka wakusikie wewe."

"Nitawaambia nini mimi?"

"Ulichofanya, na kwa nini. Na ile kabichi."

Bibi anatazama mikono yake, anaificha chini ya kwapa. Juu ya neti nzi wanavuma, na kwa mbali injini ya lori inawashwa. Bila Nzi anapiga hesabu. Wapishi kumi na nne wakiacha kununua dagaa wa malori, matajiri watalazimika kuuliza kwa nini, na sampuli ya tatu ikitoka safi, jina lake litasimama tena kwa haki yake. Lakini hawezi kumwomba mwanamke huyu aende akasimame mbele ya watu na kujivua nguo ya heshima. Hilo halimo katika kazi ya mkwe.

Bibi anashuka kizingiti, mguu mmoja, kisha wa pili.

"Hiyo Jumamosi," anauliza, "nitavaa nini?"

"Lile gauni la buluu, mama," Bila Nzi anasema haraka. "Nitakunyooshea."